Kutengeneza tincha ya kivumbasi nyumbani: vipimo, pombe gani utumie, na njia ya asali kwa wasiogusa pombe

Huku Tabora kivumbasi kinaota kila mahali, pembeni ya njia, nyuma ya choo, kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, watu wanakikanyaga tu alafu wanajiuliza hii harufu kama karafuu inatoka wapi. Mimi nimekulia Isevya kwa bibi yangu na jikoni kwake hapakuwahi kukosa mafungu mawili matatu yamening'inia juu ya mafiga. Ndugu zetu wa Burundi wanakiita umwenya, Wahaya wanakiita kashwagara, mwaka 2020 wakati wa korona nchi nzima inajifukiza nyungu hiki ni moja ya majani yaliyotafutwa sana, mpaka watu wa mjini wakawa wananunua kitu ambacho sisi tunafyeka.

Sasa wengi wanajua kuchemsha na kujifukiza. Wachache wanajua kukiloweka kwenye pombe kali, yaani tincha, na hao wachache nao wengi wanafanya kwa kukadiria tu, chupa yoyote, pombe yoyote, kijiko chochote. Ndo maana naandika hii, kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo sana ila sehemu mbili zikikosewa, pombe na kipimo, unakuwa na sumu ndani ya kabati.

Kwanza kwa nini pombe. Ile harufu ya kivumbasi ni mafuta, na kwenye mafuta hayo mara nyingi kilichozidi ni eujenoli, ambayo ndo hiyo hiyo iliyojaa kwenye karafuu, ndo maana harufu zinafanana, na ndo hiyo waganga wa meno wamekuwa wakiitumia miaka mingi kutuliza jino. Mafuta na maji hayaelewani, ila kwenye pombe yanayeyuka vizuri kabisa. Ukichemsha majani sufuria ikiwa wazi nyumba nzima inanukia mnasema leo dawa ni kali kweli, kumbe ile inayonukia ndo dawa inaondoka na mvuke. Bibi alikuwa anafunika sufuria na sinia, juu anaweka jiwe, na haifunuliwi mpaka mgonjwa yupo chini ya blanketi, na kama ni ya kunywa haifunuliwi mpaka ipoe. Sikuwahi kumsikia akisema neno eujenoli lakini alikuwa anailinda kuliko mimi.

Tincha inafanya kazi hiyo hiyo ya kulinda, harufu inabaki ndani ya chupa mwaka mzima na zaidi, na unatumia matone badala ya kikombe.

Kinatumika kwa nini? Huku kwetu cha kwanza ni mafua na kikohozi, pua imeziba, kifua kizito. Cha pili ni tumbo, yale ya gesi na kunyonga, umekula maharage ya jana au mihogo ikakukaa vibaya. Jino likiuma watu wanatafuna jani lenyewe au wanaweka pamba yenye dawa. Kuna kupaka au kuchoma kwa ajili ya mbu, na hili la mbu limepimwa maabara na mafuta ya kivumbasi yanawafukuza kweli, ila yanaruka haraka kwenye ngozi kwa hiyo yasikufanye uache neti. Na kuna wanawake wengi wanakiweka kwenye maharage na mahindi kuzuia wadudu, hilo ntalirudia mwisho maana ndo matumizi ninayoyapenda kuliko yote.

Ambacho hakitibu ni malaria. Naandika hivi wazi kwa sababu Kigoma na Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchi hii na mtu akipata homa anaanza nyungu siku ya kwanza, nyungu siku ya pili, siku ya tatu mtoto anapata degedege. Homa nenda kapime, kile kipimo cha kutoboa kidole ni dakika kama kumi na tano tu, ukikutwa nayo unywe dawa mseto umalize dozi. Kikohozi kikifika wiki mbili nenda kapime kifua kikuu hata kama unajisikia nafuu. Kuhara damu, kubanwa pumzi, kifua kuchoma ukivuta hewa, hivyo si vya tincha. Nimezika mtu ambaye kikohozi chake kilitibiwa na majani miezi minne, na majani hayakuwa na kosa lolote, kosa ni sisi tuliokaa naye tukawa tunamchumia.

Haya, tuje kwenye kazi.

Uwe na uhakika kwamba ulichoshika ni kivumbasi. Ni kichaka, kinafika kiunoni hata kumzidi mtu, shina lina pembe nne, ukiliviringisha kwenye vidole unazisikia kona zake. Majani yanakaa mawili mawili yameelekeana, yana meno meno pembeni kama msumeno mdogo na yana vinyweleo laini. Maua ni madogo, meupe ya kufifia kama yenye ukijani au unjano kwa mbali, yamejipanga ngazi ngazi kwenye kijiti kirefu juu. Fikicha jani unuse, inakuja karafuu na kwa mbali kama limau. Mrehani ni ndugu yake lakini jani lake ni laini lisilo na meno makali na harufu yake ni tamu zaidi. Kama una wasiwasi mpelekee mama mtu mzima wa mtaani kwako, shikamoo mama naomba uniangalizie hili jani, hawa hawakosei, na kama yeye naye ana wasiwasi basi liache.

Uchumie wapi ni swali kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mitaro ya mjini hapana, kando ya barabara kubwa hapana. Na huku kwetu kwenye tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge, usichume pembezoni mwa shamba la tumbaku maana dawa za wadudu zinapigwa pale mara kwa mara na pombe itavuta sumu ile kama inavyovuta harufu, haichagui. Mimi nilichukua mbegu nikapanda nyuma ya nyumba, kinaota bila kubembelezwa, mvua za Novemba zikianza unatupa tu mbegu na kufikia Februari unachuma.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali, na chuma wakati maua ndo yanaanza kutoka maana hapo harufu ndo imeshiba. Kata theluthi ya juu ya tawi, using'oe, kitachipua tena. Tupa majani yenye madoa na yaliyotobolewa.

Kukausha ndo sehemu ambayo mimi niliikosea mwanzoni. Chupa yangu ya kwanza niliweka majani mabichi, nimeyaosha hayajakauka vizuri, nikamimina pombe kali ya dukani nikaona nimemaliza. Wiki ya tatu nafungua kuna utando juu na harufu ya kuoza. Sababu ni hesabu tu, jani bichi sehemu kubwa ni maji, ukijaza chupa majani mabichi unaizimua pombe kutoka asilimia 40 mpaka pengine 20 na chini ya hapo wadudu wa kuozesha wanaanza kufufuka. Kwa hiyo kama huna pombe kali zaidi, na wengi wetu hatuna, tumia makavu. Osha, kung'uta, tandaza kivulini kwenye ungo au kitambaa safi, pawe na hewa, sio juani kabisa maana jua linakausha na kuiba harufu pamoja. Kiangazi cha Tabora siku nne tano yamekuwa ya kuvunjika mkononi, ukiwa Kigoma karibu na ziwa au kipindi cha mvua yape wiki. Jani lililokauka vizuri linavunjika, likikunjika bado.

Sasa pombe, na hapa naomba usome taratibu.

Spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, hainywewi. Hata tone moja hailowekewi dawa ya kunywa. Inawekewa methanoli makusudi ili isinyweke, na methanoli inapofusha macho na inaua. Kuna mzee mtaani kwetu nilimkuta ameshaloweka chupa nzima kwenye spiriti ya bluu kwa ajili ya kifua cha mke wake, anasema nimenunua famasi si dawa hii, kwa upande wake alikuwa na akili kabisa, dawa inauzwa duka la dawa kwa nini isiwe salama. Nilimuomba ile chupa kwa heshima zote nikaimwaga mbele yake na namshukuru Mungu mama alikuwa hajaonja. Gongo nayo hapana. Achana na kwamba ni kosa kisheria, tatizo ni kwamba hujui ina nguvu asilimia ngapi, hujui imepikwa kwenye pipa lililobeba nini, na hujui kama aliyepika alitupa ile ya kwanza inayotoka. Mtu atakwambia nakunywa miaka kumi sijafa, wewe mwache, unamtengenezea mgonjwa wewe.

Kinachofaa ni pombe kali ya kiwandani yenye lebo, isiyo na rangi na isiyo na sukari. Vodka nyingi ni asilimia 40, hiyo ndo nzuri. Konyagi imeandikwa 35, inafanya kazi kwa majani makavu kabisa ila kwa mabichi usithubutu. Angalia stempu ya kodi na mfuniko haujachezewa, pombe feki zipo mpaka vijijini.

Vipimo: majani makavu gramu 50, pombe mililita 250. Moja kwa tano. Ukitaka nyingi zidisha, gramu 100 kwa nusu lita. Mizani ya kupima gramu ndogo utaikuta kwa wauza viungo, ukiwa mpole watakupimia bure. Ukikosa kabisa mizani, vunjavunja majani uyajaze nusu ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana bila kuyashindilia, mimina pombe mpaka ipite juu ya majani vidole viwili. Haitakuwa sahihi kama ya mizani na kwa hiyo uandike kabisa kwenye lebo kwamba ni ya kukadiria.

Chupa iwe ya kioo, imechemshwa na ikakauka kabisa. Plastiki hapana, pombe kali inakaa mule mwezi mzima inalamba na plastiki yenyewe. Funga, tikisa, weka kabatini gizani. Kesho yake fungua uangalie, majani yatakuwa yamekunywa, ongeza pombe mpaka yafunikwe tena maana jani linalotokeza juu ndo linaanza kuota ukungu. Baada ya hapo kazi yako ni kutikisa kila siku mara moja, mi natikisa asubuhi nikichukua majani ya chai kwenye kabati hilo hilo ndo sisahau. Wiki mbili inatosha, wengine wanaacha wiki nne na mimi huwa naacha nne, rangi inakuwa kijani iliyoiva kuelekea kahawia.

Kuchuja, tumia kitambaa cha pamba safi kilichochemshwa, kanga iliyopauka ni nzuri kuliko chujio la chai. Kamua kwa nguvu, nusu ya dawa ipo ndani ya yale majani. Iache itulie usiku kucha, asubuhi mimina taratibu ukiacha tope chini. Weka kwenye vichupa vya kahawia, vile vya dawa za maji vilivyooshwa na kuchemshwa vinafaa sana ila bandua lebo ya zamani yote. Nasema yote. Kichupa cha dawa ya kikohozi cha mtoto chenye pombe ndani ni ajali inayosubiri mtu wa kuamka usiku bila taa.

Lebo mpya uandike kwa maka peni: kivumbasi, majani makavu, moja kwa tano, pombe asilimia 40, tarehe uliyochuja, SIO YA WATOTO. Ikikaa gizani na imefungwa vizuri inadumu miaka miwili bila shida. Weka juu, mbali na watoto na mbali na jiko, hii kitu inashika moto.

Kutumia. Mtu mzima, mililita moja, kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, mara tatu kwa siku, baada ya kula. Sio kijiko. Nunua bomba la sindano famasi lisilo na sindano, yale ya mililita mbili, linapima vizuri kuliko dropa yoyote na bei yake ni ndogo. Siku tatu, zikizidi sana tano, kama hujapata nafuu acha uende ukapimwe. Kwa tumbo la gesi mimi nakunywa mara moja tu na tangawizi, mara nyingi hairudiwi. Kwa jino loweka pamba kidogo, shikilia pale dakika chache, tema, na weka miadi ya kwenda kwa daktari wa meno maana tundu haliondoki. Kwa kupaka changanya kijiko kimoja cha chai cha tincha na vinne vya mafuta ya alizeti au ya nazi, tikisa kabla ya kupaka maana vitajitenga, jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono usubiri mpaka kesho.

Wasioitumia kabisa ni hawa: watoto, mama mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa ini, anayetumia dawa za kuyeyusha damu kwa sababu eujenoli nayo inapunguza damu kuganda, na mtu aliyeacha pombe kwa shida zake, huyo hata matone usimpe, usimrudishe alikotoka. Mwenye kisukari anayetumia dawa amuulize daktari wake kwanza. Na mtu aliyepewa metronidazo, ile tunayoiita flajili, asiguse pombe mpaka siku tatu baada ya kumaliza, nalisema kwa sababu tumbo likiharibika ndo watu wanapewa flajili na ndo hapo hapo wanatafuta kivumbasi, vikikutana unaweza kutapika na moyo kwenda mbio. Wengine wanasema mwaga tincha kwenye maji ya moto pombe itaruka yote. Hairuki yote, inapungua tu.

Na sasa kwa dada zangu wa Ujiji na Gongoni na kila nyumba ambayo pombe haiingii, mnaniuliza sana hili, ipo njia na tena huku Tabora tumebarikiwa, tuna asali ya miombo ambayo watu wanaisafirisha kwenda mbali. Chukua majani makavu yaliyovunjwa, jaza theluthi ya chupa, mimina asali mpaka juu, koroga na kijiti safi kutoa hewa, funga. Geuza chupa juu chini kila siku kwa wiki tatu. Kama ni nzito kuchuja weka chupa kwenye maji ya moto ya mkono kuvumilia, usichemshe.

Asali gani? Watu wanakimbilia ya nyuki wadogo kwa sababu inasifika kwa dawa, na ni nzuri kweli kwa kulamba, ila ni nyepesi ina maji mengi, ukiweka majani ndani inachacha upesi. Kwa kulowekea tumia ya nyuki wakubwa, nzito, iliyorinwa masega yakiwa yamezibwa na nta. Ukifungua chupa ikafanya psss na kuna povu, imechacha, na kwa aliyekimbia pombe hiyo sasa ndo pombe yenyewe. Dozi yake kijiko kimoja cha chai mara tatu kwa siku, kwa kikohozi naipenda hii kuliko hata ya pombe kwa sababu asali yenyewe inatuliza koo. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote, kuna mbegu za vijidudu vya botulizimu zinazoweza kuota tumboni mwake na kutoa sumu. Imalize ndani ya miezi sita.

Siki nayo inawezekana, ile ya asilimia 5 ya dukani, vipimo vile vile vya moja kwa tano, wiki tatu, ila mfuniko usiwe wa chuma maana unaliwa na kutu. Sio kali kama ya pombe na tumbo la vidonda halitaipenda.

Mtu akitaka kuuza, hiyo ni habari nyingine, kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na kuna Baraza lake, usajiliwe kwanza. Na ukienda hospitali kwa jambo lolote waambie unatumia nini, usifiche kwa aibu, wanahitaji kujua.

Yale makapi uliyokamua mwaga shambani, usimpe mbuzi wala kuku, yana pombe. Majani makavu yaliyobaki ambayo hukuyaloweka ndo nilisema ntarudi kwayo. Nikinunua maharage ya Kasulu gunia, nayaanika kwanza juani siku mbili kuhakikisha yamekauka, alafu napanga safu ya maharage safu ya kivumbasi, safu kwa safu mpaka juu, nafunga mdomo kwa kamba na kila mwezi nafungua kuangalia, majani yakiwa yamepoteza harufu nabadilisha. Mwaka jana gunia lililofungwa Julai tulikula mpaka Februari na ukifungua lile gunia jikoni kunanukia vile vile kama kwa bibi.